Nana Amekwenda Kijijini Kwake

Risala ya wanafunzi wahariri wa Shule ya Sekondari ya Nkwantapa, siku ya tathmini ya mradi wa majaribio wa kamusi elezo ya mtandaoni

Mgeni rasmi, Nana Dakta Asiamah, wageni mliofuatana naye kutoka ofisi ya mradi, Mwalimu Mkuu, wazee wa jumba la Nana mlioketi safu ya mbele, mwalimu wetu Bwana Selorm Agbeko, wazazi, na wanafunzi wenzetu mnaochungulia madirishani kwa sababu viti vimekwisha:

UKARIBISHO

Maji umeyanywa, habari za njiani umetupa, na kilichokuleta umekitaja kwa kinywa chako: umekuja kupima kama mradi huu uendelee au ufungwe. Tunashukuru umesema wazi. Wapo wanaokuja kupima wakasema wamekuja kusalimia tu, wakala fufu yetu, wakaondoka, na majibu tukayasikia kwa watu wengine.

Anayekusomea ni mwenzetu Serwaa Ampaafo wa kidato cha mwisho. Tulimchagua kwa sababu sauti yake haitetemeki hata Mwalimu Mkuu akimkodolea macho. Kuna jambo moja la utaratibu. Risala ni ya sisi sote, kwa hiyo Serwaa akifika mahali panapomhusu yeye mwenyewe hatasema "mimi". Atajisoma kama mtu mwingine: Serwaa alifanya hivi, Serwaa alisema vile. Tulipomwambia hivyo alicheka, akasema, "Haya, nitajisengenya hadharani." Akifika huko tafadhali msimcheke. Mahali pengine si pa kucheka.

HISTORIA YA CHAMA

Bwana Selorm aliletwa kwetu na msimu wa Harmattan, midomo imempasuka kwa upepo wake mkavu, amebeba kompyuta kuukuu ndani ya maboksi ya maziwa ya kopo. Yeye ni mtu wa upande wa pili wa ziwa, lugha yake si yetu, ingawa ya kwetu anaizungumza kwa kujitahidi. Siku ya kwanza alituambia tuutafute mji wa Nkwantapa mtandaoni. Tukatafuta. Tukapata kituo cha mabasi katika mkoa mwingine, na picha ya mbuzi.

"Mnaona?" akasema. "Dunia haiwajui. Haya, jijulisheni wenyewe."

Alitufundisha sheria moja kuliko zote: usiandike jambo lisilo na chanzo. Nani kasema, kasema wapi, limechapwa wapi. Alitufundisha pia kwamba katika kamusi elezo hakuna kinachopotea. Ukifuta neno, neno linabaki katika historia ya ukurasa, na yeyote anaweza kufungua akaona nani aliandika na nani alifuta.

Shule haikuwa na chumba cha kutupa. Jumba la Nana, yaani la mtawala wetu, likatuazima chumba cha karani, kile kilichoshikana na ukuta wa ua, chenye dirisha moja la mbao. Humo ndimo marehemu karani Donkor alimokuwa akiandika mambo ya jumba enzi za bibi zetu, na tangu afariki hakuna aliyekitumia. Kilikuwa kinanuka wino. Tulifagia, tukapiga deki, tukapaka chokaa. Mpaka leo kinanuka wino, na hakuna kati yetu anayetumia kalamu ya kuchovya.

MAFANIKIO

Tumeandika juu ya mto wetu, juu ya ugonjwa unaonyausha maganda ya kakao, juu ya wafumaji wa mtaa wa juu na jina la kila nakshi wanayoifuma. Leo ukiutafuta Nkwantapa unaupata, na mbuzi hayupo.

Mafanikio mengine yameingia majumbani bila kubisha hodi. Mama yake mwenzetu Oforiwaa alikuja shuleni kulalamika. "Nikimwambia supu imezidi chumvi, ananiuliza nani kasema! Nani kasema! Na kijiko kiko mdomoni mwangu!" Babu yake Kwarteng naye aliulizwa chanzo cha habari kwamba baba yake ndiye aliyepanda kakao ya kwanza hapa. Mzee alisimama na bakora. "Chanzo ni mimi, we mtoto! Umekaa na chanzo, unakula ugali wa chanzo, halafu unauliza chanzo kiko wapi!"

Tulicheka, lakini hilo tunaomba liingie kwenye tathmini yako. Mambo mengi ya kwetu yako vinywani mwa watu, na kamusi elezo haijui kusikiliza vinywa. Inajua kilichochapwa, na kilichotangazwa redioni kikawekwa mtandaoni. Sisi tulidhani huo ni usumbufu mdogo.

CHANGAMOTO

Umeme unakatika. Mtandao ukija unakuja mchana wakati wa hesabu. Panya wamekula waya. Hayo kila shule itakueleza, na hatutaki kukuchosha nayo.

Changamoto yetu ya nne ni mhariri mmoja.

Ukurasa wa kwanza tulioukamilisha ulikuwa wa Nana Gyamerah, mtawala wetu. Nana alikuwa mzima wa afya, kila asubuhi anakunywa uji wake barazani, nasi tunamwona kupitia dirisha la chumba cha karani. Siku moja tukafungua ukurasa huo tukakuta mstari mpya chini kabisa, umeandikwa kwa lugha yetu, kwa tahajia ya zamani ambayo hata walimu wetu hawaitumii tena. Ulisema: Baada ya mvua za kwanza, Nana Gyamerah alikwenda kijijini kwake.

Wageni mliotoka mbali, tunaomba mtusikilize hapa. Kwetu sisi, sebe, yaani mtuwie radhi kwa kulisogelea neno lenyewe, Nana hafi. Neno hilo halisemwi juu ya mtu aliyekalishwa kigodani, yaani aliyetawazwa, mwanamume au mwanamke. Husemwa tu kwamba Nana amekwenda kijijini kwake. Anayesikia anavua viatu, wala haulizi ni kijiji gani.

Bwana Selorm hakukulia kwetu. Aliusoma mstari ule akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani kaongeza hii?"

"Si sisi, bwana," akasema Oforiwaa.

"Kwani kosa? Taarifa nzuri tu. Nana kaenda kijijini kwake." Akafikiri kidogo. "Lakini hapa penyewe si kijijini? Sasa kaenda kijiji gani tena?"

Tuligeuka sote kutazama barazani.

"Mbona mmenuna? We Badu, umemeza nini?"

"Futa, bwana," Badu akasema.

"Siwezi kufuta kwa sababu wewe umenuna. Una chanzo kwamba hakwenda?"

"Nana yuko pale barazani, bwana. Mwone, anakunywa uji."

"Kumwona si chanzo, Badu. Tulikubaliana."

Alisema hivyo akitabasamu, kwa sababu alikuwa anatufundisha kazi. Akaweka alama kwamba chanzo kinahitajika, tukafunga chumba. Mvua za kwanza zilinyesha Jumapili. Jumatatu baraza lilikuwa tupu, wazee wamevaa nyeusi, na mjini hapakusikika mchi ukitwanga. Hakuna aliyetueleza kitu, nasi hatukuuliza. Bwana Selorm alielezwa na mwanamke muuza maandazi. Alikaa kwenye ngazi ya darasa, akaagiza maji, akayashika mkononi mpaka kengele ya kwenda nyumbani bila kuyanywa.

Tulifungua historia ya ukurasa. Mhariri hakuwa na jina. Kwa asiye na jina, mfumo huonyesha namba ya mtandao aliotumia, na namba ile ilikuwa ya kisanduku chetu wenyewe cha mtandao, kile kilichopigiliwa ukutani katika chumba cha karani. Saa mstari ule unaandikwa, chumba kilikuwa kimefungwa, ufunguo uko kwa Mwalimu Mkuu, na mji mzima hauna umeme. Kwarteng, ambaye hawezi kuacha kutania hata akiogopa, akambatiza mhariri huyo jina la Mzee Chanzo. Jina likamganda.

Mara ya pili alikwenda kwenye ukurasa wa Nana Birago Ampaafo, Nana wa kike wa jumba letu, yule anayemteua mtawala. Nana Birago ni bibi yake Serwaa, ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Mstari ulisema: Baada ya kula kontomire aliyopikiwa na mjukuu wake, Nana Birago alikwenda kijijini kwake.

Serwaa aliufuta. Ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi. Akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, akamwita baba, akamwita babu, akamwomba kwa heshima zote. Jibu lilikuja kwa tahajia ileile ya zamani, maneno mawili tu: Leta chanzo.

Ndipo Serwaa akaacha kupika. Nyumbani kwao yeye ndiye mpishi, na bibi yake alipenda kontomire, ile mboga ya majani ya magimbi, kuliko chakula chochote. Alisingizia ameungua mkono. Bibi akaona mkono hauna kidonda.

"We Serwaa, umenisusa? Siku hizi nalishwa mihogo ya kuchemsha kama mfungwa."

"Nitapika, Nana. Mkono ukipona."

"Mkono huo unaobonyeza kompyuta kutwa nzima?"

Serwaa akakaa chini miguuni pake, akamuuliza kuhusu karani Donkor.

"Donkor? Hakuwa na ubaya yule," bibi akasema. "Alikuwa anaandika tu. Ukitaka afute unaleta shahidi. Babu yako alimbembeleza mara ngapi, Donkor, futa hilo. Anamwambia, Nana, shahidi yuko wapi?"

"Alikuwa anaandika mambo kabla hayajatokea?"

Bibi alimgeukia. "Nani kakwambia hilo?" akauliza. Halafu akaagiza aletewe shali, na hapakuwa na baridi.

Likizo ikafika. Binamu yake Serwaa, Fosuhemaa, akaja kutoka Kumasi kumsalimia bibi. Serwaa alikuwa huku shuleni anafundisha wadogo namna ya kuweka picha. Fosuhemaa alimkuta bibi ananung'unikia mihogo, akamhurumia, akaingia jikoni. Mstari haukusema mjukuu yupi. Bibi alikula, akalamba vidole, akaomba aongezewe. Serwaa alipofika getini alisikia harufu ya mboga ile, akaanza kukimbia ua mzima akipiga kelele, na Fosuhemaa akatoka na mwiko akidhani kuna nyoka. Jioni hiyo wazee walivaa nyeusi tena.

Tuliomba sehemu hii asome mwingine. Alikataa. Alisema tathmini ni tathmini.

Mara ya tatu ilikuwa kwa Nana Pipim, kiongozi wa walinzi wa nyuma wa jumba, ambaye ndiye yule pale safu ya mbele mwenye kofia ya mkonge. Ametupa ruhusa kumtaja. Mstari wake ulisema: Baada ya sherehe ya viazi vikuu vipya, Nana Pipim alikwenda kijijini kwake. Safari hii Serwaa hakubembeleza. Alitafuta. Akapata taarifa ya redio ya wilaya, imewekwa mtandaoni, kwamba sherehe ya viazi vikuu imeahirishwa mpaka kigoda kipate mtu. Akaiweka kama chanzo, akakaa mbele ya kompyuta mikono mapajani. Jibu likaja: Asante. Chanzo kinatosha. Mstari utasubiri sherehe.

Sherehe haijafanyika mpaka leo, na Nana Pipim huyo hapo. Kwa mila, asiyefanya sherehe hali viazi vipya, na yeye viazi ndiyo roho yake. Kila akituona anatupigia kelele njiani: "Nyie watoto! Mmeniokoa, sasa mnaniua na njaa!"

Basi tathmini yetu kwa mhariri huyo, tukimtendea haki, ni kwamba hatukani, haandiki uongo, na sheria za kamusi elezo anazifuata kuliko yeyote kati yetu. Anasoma neno kama lilivyo. Tunamwogopa. Wako miongoni mwetu wasioingia chumba kile wakiwa peke yao, na kiti cha mwisho karibu na dirisha hatukikalii, kwa sababu asubuhi tunakikuta kimevutwa nyuma kama mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

MAOMBI

Tunaomba betri za kuhifadhi umeme wa jua. Tunaomba Bwana Selorm asihamishwe. Tunaomba mashine ndogo ya kuchapa gazeti la mji, ili maneno ya wazee wetu yachapwe na wao wenyewe wawe chanzo wangali hai. Na tunaomba mradi huu usifungwe, kwa sababu sisi tukiondoka katika chumba kile, mhariri yule habaki na mtu wa kumjibu.

Kwa jinsi Serwaa alivyofanya mazoezi ya kusoma, baada ya hapa zinafuata baraka na jina la chama.

JAMBO AMBALO MSOMAJI HAJALIONA

Serwaa, usigeuke. Badu alibadilisha kurasa asubuhi ulipokuwa unafunga nguo yako ya hafla. Soma kama ilivyoandikwa. Sauti yako leo ni ya sisi sote, na uliahidi hutasema "mimi".

Mgeni rasmi, akisita mvumilie. Maneno haya anayaona kwa mara ya kwanza, pamoja na wewe.

Tulipopata habari kwamba unakuja tulikuandalia ukurasa. Wewe ni daktari wa elimu, lakini pia ni Nana, kwa kuwa watu wa Amoaso walikukalisha kigodani baada ya kuwachimbia visima. Tuliandika hayo yote kwa furaha. Siku iliyofuata tukakuta mstari chini kabisa: Baada ya kusomewa risala ya wanafunzi, Nana Asiamah alikwenda kijijini kwake.

Sebe, Nana. Sebe, na tena sebe. Hatujui namna nyingine ya kusema mbele ya uso wako.

Na safari hii Mzee Chanzo aliweka chanzo mwenyewe. Kilikuwa ratiba ya ofisi yako, iliyo mtandaoni, inayosema kwamba baada ya risala utaelekea kijijini kwako. Tulipiga simu kuuliza kama ratiba inaweza kubadilika. Katibu wako alifurahi sana. "Jamani, mko makini! Ndiyo, bosi anapita kwake kuona ujenzi. Haibadiliki hiyo." Tuliokuwa tumeizunguka simu tulikaa chini sakafuni.

Tukaandika ombi katika risala hii kwamba ulale hapa Nkwantapa, usiondoke leo. Serwaa akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Halina haja tena," akasema. "Nimeshashughulikia."

"Umeshughulikiaje?" Kwarteng akauliza.

"We Kwarteng, lazima kila kitu uulize chanzo?" Akatugawia karanga, akatutania kuhusu nguo tutakazovaa leo, na siku ile aliimba njia nzima akirudi kwao. Tulimwamini kwa sababu ya kuimba kule.

Lakini historia ya ukurasa haifuti kitu. Juzi Oforiwaa aliifungua. Mstari wako, Nana, ulikuwa umeondolewa na Mzee Chanzo mwenyewe. Katika ukurasa wa shule yetu palikuwa na mstari mwingine, umeandikwa kwa jina la Serwaa mwenyewe, kwa tahajia ya siku hizi: Baada ya kumaliza kusoma risala, Nana Serwaa Ampaafo alikwenda kijijini kwake.

Aliweka na chanzo. Wiki iliyopita redio ilisoma tangazo la jumba kwamba Serwaa ameteuliwa kukalia kigoda cha bibi yake, na kwamba akimaliza kazi ya leo atapelekwa kijijini kutawishwa na kufundwa. Tangazo lilimaanisha kijiji hiki cha kawaida, chenye kuku na kisima. Serwaa aliligeuza neno kwa makusudi, akijua nani anasoma. Chini yake lilikuwepo jibu: Safari ni moja. Asante. Chanzo kinatosha.

Mgeni rasmi, huyu msichana unayemtazama alichukua safari yako akaiandika kwa jina lake, halafu akaja kukusomea betri za jua.

Serwaa, tunajua kwa nini. Tangu siku ya kontomire umekuwa ukisema ungekuwa nyumbani ungeisikia harufu mapema. Bibi yako alikula mboga aliyoipenda, akapikiwa na mtoto aliyempenda, na wewe hukumfanyia lolote baya. Huna deni la kumlipia mtu kwa kichwa chako. Tumekukasirikia. Tunaomba tathmini iandike kwamba wanafunzi wamemkasirikia mwenzao sana, na kwamba wanampenda, na kwamba karanga zile hawajaweza kuzila.

Tulijaribu kuufuta mstari, ukarudi. Tulitafuta chanzo cha kuupinga, hakipo, kwa sababu tangazo ni la kweli. Tukaenda kwa Bwana Selorm tukamweleza. Alikaa, mikono kichwani. Halafu akasimama akachukua chaki, akauandika mstari ule ubaoni, na sauti yake ikawa ile ya darasani.

"Someni neno kwa neno. Baada ya nini?"

"Baada ya risala," tukasema.

"Sikufundisha hivyo. Neno kwa neno!"

"Baada ya kumaliza kusoma risala."

"Kumaliza," akasema. Akalipigia mstari mpaka chaki ikakatika. "Na mstari wa Nana Pipim unasubiri nini?"

Tulikuwa tumekwisha kuelewa. Oforiwaa alianza kulia na kucheka kwa pamoja, mpaka tukamtoa nje apigwe na upepo.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ombi letu kubwa ni hili. Risala hii isimalizwe. Baraka zipo, Kwarteng amezitunga vizuri na ndani yake ameliombea jumba lako, watoto wako na gari lako. Jina la chama lipo. Yote yako kwenye ukurasa mmoja ambao Badu ameukalia pale nyuma, na hatanyanyuka hadi ukumbi uwe mtupu. Mwalimu Mkuu, tunakuomba usishike kipaza sauti ukasema tumefika tamati. Wazazi, msipige makofi, kwa sababu makofi hufunga jambo. Ondokeni kama watu walioitwa kidogo nje.

Nawe Nana, ofisi yako itataka ripoti. Usiandike kwamba risala ilisomwa. Andika kwamba inasomwa. Usiandike kwamba mradi wa majaribio umekamilika, hata kama umekamilika vizuri, hata kama utatusifu. Ripoti yako itawekwa mtandaoni, na ripoti yenye muhuri ni chanzo kinachotosha. Rudi mwaka ujao utuulize tumefika wapi, Serwaa atasimama akusomee aya moja, kisha akae. Rudi na mwaka unaofuata. Awe Nana wa kike, ateue mtawala, azeeke, apikiwe na wajukuu wake mwenyewe, na karatasi hii awe hajafika chini. Nana Pipim ametuagiza tuongeze kwamba atakuwa anahudhuria kila mara, maana shughuli nyingine hana na viazi amenyimwa.

Tumeuacha wazi mlango wa chumba cha karani ili asikie mwenyewe, asije akasema tumemficha jambo. Harufu ya wino mnayoisikia tangu mlipokaa haitoki kwenye karatasi hii. Hii tumeichapa kwa mashine.

Serwaa, umesoma vizuri. Hapo ulipofika weka kidole. Usiinue macho kututafuta, tuko nyuma yako sote, hata Fosuhemaa amekuja. Kunja karatasi taratibu, ukae, unywe maji. Mgeni rasmi, jambo linalofuata ni kwamba,